Maharagwe Yaliyochanganywa

Yatta, kupitia Matuu
28 Septemba 1997

Mwihaki mdogo wangu,

Tulifika salama. Ciku hakulia njiani, na sikio lake halitoi usaha tena. Yale matone ya hospitali ya Machakos yamefanya kazi. Asante kwa kutuachia kitanda chako, ukaenda kubanana na Khadija mwenzako wa nyumba kwenye godoro lake. Mwambie kwamba Ciku bado anaota yale mahamri yake. Kila asubuhi ananiuliza mbona mimi mama yake sijui kupika vile.

Nilifagia nyumba kabla hatujaondoka, hadi chini ya kitanda. Ukikuta kitu kimesogea, ni ufagio wangu.

Huku bado ni jua. Watu wamelima, sasa wanatazama upande wa Kilimambogo kana kwamba mvua imefichwa huko. Redio inasema mwaka huu itanyesha kupita kiasi. Wengine wanacheka, lakini mimi sicheki, kwa sababu nilikuonyesha yale ya msimu uliopita: maharagwe yanachanua vizuri, halafu majani yanaingia madoa ya kahawia yenye pembe pembe, kama vipande vya chupa iliyovunjika, na kabla hujajua la kufanya yamepukutika yote. Jirani yangu Syombua wa Maundu hakupata hata mbegu ya kurudisha ardhini. Alikaa kwenye tuta akaniambia, "Mama Ciku, si wewe uko na dada kwa watu wa mbegu? Hizo mbegu anawatengenezea nani?"

Na kila Jumanne tukikutana kwenye chama chetu cha akina mama swali ni hilo hilo, na mwenyekiti ni mimi.

Wewe ukasema bado, bado miaka miwili. Mwihaki, miaka miwili kwako ni kazi. Kwetu ni misimu minne ya kununua maharagwe soko la Tala, wakati shamba liko.

Ukiandika, mpe Abdulatif wa duka la vifaa. Huja Machakos kuchukua mabati na misumari, na barua alizobeba yeye hazijawahi kupotea.

Ni mimi dada yako,
Wangui


Kituo cha Mbegu, Kwa Mbithi
Machakos
9 Oktoba 1997

Dada Wangui,

Nimefurahi kuhusu sikio la Ciku. Khadija naye amefurahi kuhusu mahamri, ila amesema siri yake ni iliki na haiandikwi kwenye barua.

Lile neno lako la misimu minne limenikaa. Acha nikueleze vizuri, maana ulipokuwa hapa tuliongea juu juu tu.

Aina yetu ya nyayo unaijua: kubwa, nyekundu yenye michirizi, inaiva haraka, sokoni haikai. Lakini ugonjwa wa madoa unaletwa na kuvu, na nyayo haina kinga nayo. Kuna aina nyingine, ndogo, nyeusi, iliyoletwa kutoka mbali. Kuvu ikitua kwenye jani lake haifanyi kitu. Tatizo ni kwamba hakuna mtu hapa atakula nyeusi; ukiichanganya na mahindi kupika isyo, mahindi yanatoka kama yamelowekwa kwenye wino. Kwa hivyo naozesha hizo mbili. Nachukua ua la nyayo kabla halijafunguka, nalipasua kwa kibano, natoa sehemu ya kiume, napaka chavua ya nyeusi. Watoto wanatoka wa kila namna. Huyu ana kinga lakini mweusi, yule mwekundu lakini mgonjwa. Nachagua, nawarudisha kwa nyayo, nachagua tena. Na kuvu yenyewe si moja, ina makabila yake. Mmea unaweza kushinda kuvu ya Kangundo, ukaangushwa na ile ya Yatta. Ndiyo sababu nasema bado.

Kila ukoo uko kwenye pakiti yake yenye namba. Namba ikipotea, sijui tena baba wala babu wa mmea, na kazi yote inarudi mwanzo.

Msimu huu nimepanda bondeni kando ya mto, kwa sababu huko umande unakawia na ugonjwa unakuja wenyewe bila kuitwa. Mkuu wangu, Bwana Ndeti, hakupenda. Alisema lile bonde si la kuaminiwa. Nikamjibu kwamba nusu ya kila pakiti nimeiweka akiba. Sikumwambia iko wapi: iko kwenye mfuko wa kaki, ndani ya lile sanduku la bati chini ya kitanda changu. Haturuhusiwi kuweka mbegu nyumbani, lakini stoo yetu ina wadudu, na mimi nikijua ziko chini yangu ninalala.

Waambie akina mama wanisubiri.

Mdogo wako,
Mwihaki


Yatta
2 Novemba 1997

Mwihaki,

Mvua imekuja na haijui kuondoka. Tulipanda mara tu ilipoanza, sote, na maharagwe yameota kwa kishindo. Sasa maji yamesimama kati ya mistari, na njia ya kwenda Matuu imekuwa tope la kumeza gumbuti. Baba Ciku hajatoka Athi River tangu mwezi uliopita. Ametuma salamu kupitia kwa mtu, anasema kiwanda chao huko EPZ bado kinafanya kazi lakini magari hayapiti.

Nina swali, la kujua tu. Hizo koo zako za pakiti pakiti, zikitokea zikachanganyika zote pamoja, zinaweza kuzaa? Mtu akizipanda atavuna, au anajichosha bure? Na kinga inakuwa imepotea, ama iko lakini huioni?

Ni swali tu. Umenifanya nifikirie mambo ya kazi yako.

Siku hizi nikikaa nasimama. Naenda shambani, narudi, naenda tena. Nageuza majani kuangalia mgongo wake mpaka Ciku ananiuliza nimepoteza nini. Syombua pia anazunguka lake. Jana tulikutana mpakani na mvua ikitupiga, akaniambia, "Mama Ciku, mwaka huu nikipata, mtoto wangu anayefuata nitamwita jina lako." Nilicheka lakini sikujisikia kucheka.

Jibu upesi.

Wangui


Kwa Mbithi, Machakos
21 Novemba 1997

Dada,

Bonde limekwenda. Jumatatu asubuhi mto ulikuwa kwenye ukingo wake, na saa sita mchana palikuwa na maji tu na ncha za nguzo za ua. Nilisimama juu pamoja na Ndeti tukitazama. Hakusema "nilikuambia." Ingekuwa afadhali aseme.

Sikulia, kwa sababu nilikuwa na akiba. Nilirudi nyumbani kwa haraka kama mtu anayekwenda kunyonyesha, nikavuta sanduku. Vitabu vipo. Sweta lipo. Mfuko wa kaki haupo.

Nimekunjua kila nguo. Nimeinua godoro, nimetoa hata mkaa kwenye debe. Haupo, Wangui. Miaka sita.

Nyumba ina funguo mbili, yangu na ya Khadija. Nilimuuliza. Akasema hajawahi kufungua sanduku langu, na akaniangalia kwa namna ambayo nilitamani nisingeuliza. Lakini ninawaza. Khadija ndiye anayelea zile kuvu kwenye maabara, anajua thamani ya mbegu ile kuliko mtu yeyote, na kuna watu wa kampuni za mbegu wanaopita hapa wakiuliza maswali. Ndeti aliponiuliza ni nani mwingine anayeingia nyumbani, nilisema hakuna. Wewe sikukutaja. Sikukufikiria hata kidogo, kwa sababu wewe ni wewe.

Kibarua cha Khadija kinaisha mwisho wa mwezi. Ndeti amesema hatamwongezea mpaka jambo hili lijulikane.

Ulipofagia chini ya kitanda, uliuona mfuko wa kaki? Ulikuwepo siku ile? Nijibu hili tu, hata kama ni kwa neno moja.

Mwihaki


Yatta
3 Desemba 1997

Mwihaki wangu,

Pole. Pole sana. Barua yako ilikaa kwa Abdulatif kwa sababu daraja la Athi lilifunikwa.

Mimi nilifagia tu. Panya wa hapo kwenu ni wakubwa, niliwasikia. Sijui. Lakini usimlaumu Khadija haraka, tafadhali, msichana amelelewa vizuri yule, anaonekana hata kwa mikono yake. Mwambie mkuu wako angoje kidogo. Mambo mengine hujitokeza yenyewe.

Ciku ana mafua, nitakuandikia vizuri akipona. Huku madoa yameanza.

Dada yako


Syombua Maundu
S.L.P. Matuu
13 Desemba 1997

Kwa Mkuu,
Kituo cha Mbegu, Kwa Mbithi,
Machakos.

Bwana,

KUH: MAHARAGWE MLIYOTULETEA

Mimi ni mkulima wa hapa Yatta na mwanachama wa kikundi cha akina mama. Mwezi wa Oktoba mwenyekiti wetu, Bi. Wangui Njogu, alituletea mbegu ya maharagwe akasema imetoka kwenu, kwamba kituo kimetukumbuka baada ya hasara ya msimu uliopita. Kila mama alipimiwa kikombe. Tulishukuru, tukapiga makofi, na wengine wetu tulipanda hiyo peke yake tukaacha kutafuta nyingine.

Bwana, hiyo si mbegu moja. Mimea mingine imetambaa, mingine imesimama. Maua ni meupe na ya zambarau kwenye mstari mmoja. Ugonjwa wa madoa umeingia na mimea mingi imekufa ikiwa na maganda machanga. Lakini kati ya iliyokufa kuna ambayo imebaki mibichi kabisa kama haijaambiwa kuna ugonjwa. Nimewafungia majani ya aina zote mbili kwenye karatasi hii muone wenyewe.

Ninauliza. Je, mnatujaribia? Kama ni majaribio, mbona hatukuambiwa? Sisi tuko na watoto, na shamba la mtu si meza ya maabara. Bi. Wangui nikimuuliza anazungusha maneno.

Mimi nimeamua kung'oa yote niwape mbuzi, nipande mtama kama mvua itakubali. Lakini nimeona niwaandikie kwanza.

Wako mwaminifu,
Syombua Maundu (Bi.)


Kwa Mbithi
19 Desemba 1997

Wangui,

Leo Ndeti aliniita ofisini. Aliweka mezani barua ya jirani yako na majani yaliyofungwa, akaniuliza, "Wangui Njogu ni nani kwako?"

Nikasema ni dada yangu, tumenyonya titi moja.

Halafu akauliza Khadija yuko wapi. Khadija alihama wiki mbili zilizopita. Alifunga vitu vyake kwenye leso, akaufuta ufunguo kwa upindo wa buibui lake, akauweka juu ya meza ya jikoni, na hakuufunga mlango kwa nguvu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Sikumwambia abaki.

Swali lako la Novemba sikulijibu kwa sababu mto ulinipata kabla. Nilikuwa nimefurahi, nikidhani kwamba hatimaye dada yangu anataka kujua kazi yangu ni nini.

Usinieleze kwa nini. Sitaki kujua sasa. Nataka mimea.

Syombua anasema kuna iliyosimama mizima katikati ya iliyokufa. Majani aliyoyaleta nimeyaangalia kwa darubini, na anasema kweli. Hiyo ndiyo yote iliyobaki ya kazi yangu duniani, iko kwenye mashamba ya watu uliowadanganya, na wanataka kuwapa mbuzi. Barabara imekatika; barua hii itavushwa mkono kwa mkono, lakini mimi siwezi kufika. Kwa hivyo ni wewe. Nenda kabla hawajang'oa. Shina lolote lenye majani mazima huku jirani zake wamekufa, lifunge uzi wa katani. Lisiguswe mpaka maganda yakauke. Usichanganye shina hili na lile. Kila shina mfuko wake. Umenisikia? Kila shina mfuko wake.

Mwihaki


Yatta
31 Desemba 1997

Mwihaki,

Barua yako niliisoma nimesimama dukani kwa Abdulatif na sikumaliza. Nilienda moja kwa moja kwa Syombua. Nilimkuta shambani na panga, anakata na kurusha juu ya ua, na mbuzi wanapokea.

Nikamwambia, "Syombua, ngoja. Usikate."

"Nisikate nini? Madoa?" Hakunigeukia.

"Hiyo iliyosimama."

"Kumbe hata iliyosimama kwangu ni yako?"

Nikaona nikizunguka tena atamaliza shamba. Nikasema, "Hiyo mbegu sikupewa. Niliiba kwa Mwihaki. Kituo hakijui chochote."

Panga likasimama hewani. Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Uliiba kwa dada yako."

"Ndiyo."

"Ukatuambia serikali imetukumbuka."

"Ndiyo."

"Na sisi tukakupigia makofi."

"Ndiyo, Syombua."

Nilitaka kupiga magoti. Akanikataza. "Usichafue kitenge chako kwa tope halafu useme umetubu. Jumanne utayasema haya mbele ya wote. Ukishasema, nitajua kama panga langu litachagua la kukata."

Mwihaki, kuanzia siku ile mpaka Jumanne nilifikiri hata kwenda Athi River kwa Baba Ciku nisirudi. Lakini kila nilipopita karibu na ua wa Syombua niliona hajakata tena, ananingoja, na mimea imesimama pale, basi nikabaki.

Nilisema. Nilisema yote, na kuhusu Khadija pia, ingawa hawamjui. Wengine walicheka, hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Mama mmoja alitoka nje na hajanisalimu hadi leo. Uenyekiti wameninyang'anya wakampa Syombua, na kazi yake ya kwanza akiwa mwenyekiti ilikuwa kusema, "Sasa toeni katani, twende."

Tulizunguka shamba kwa shamba tukiloa. Kwingine tulichelewa, palikuwa na visiki na mavi ya mbuzi. Kwingine tulipata nyeusi tupu, nzima, na wenyewe wakasema bora hata ugonjwa. Lakini shambani kwa Syombua, upande wa juu, kuna shina moja lililosimama pekee kwenye mstari mzima uliokauka. Majani mabichi, maganda mazito. Syombua alipasua ganda moja tu. Mbegu zake zilikuwa bado laini, lakini kubwa, na michirizi myekundu imeshaanza kuonekana. Akaniwekea moja kiganjani. Akasema, "Hii ni nyayo." Halafu akasema tena, kwa sauti nyingine, "Mama Ciku, hii ni nyayo."

Kila shina lina mfuko wake. Nimeshona mifuko mwenyewe kwa nguo za Ciku zilizombana. Sijachanganya.

Ulisema nisieleze. Sielezi. Nitasema tu kwamba sanduku halikuwa na kufuli, na nilifikiria kikombe kimoja tu, cha Syombua. Mkono haukusimama hapo.

Nipe anwani ya Khadija.

Wangui


Kwa Mbithi
12 Januari 1998

Khadija,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naanza kwa kueleza. Sasa sielezi.

Mbegu ziliibwa na dada yangu siku ile alipolala hapa na mtoto. Ndeti anajua. Nilimwandikia kwa mkono wangu kwamba wewe hukuwa na hatia, na kwamba mimi ndiye niliyesema hakuna mwingine aliyeingia nyumbani. Amenipa barua ya onyo kwa kuweka mbegu nje ya stoo, na ninastahili. Amesema atakuja mwenyewe dukani kwa baba yako kukuomba urudi kazini.

Ulikula nami, ukaniamsha siku nilizochelewa, ukaniombea kwa Mungu wako mama yangu alipofariki. Halafu kitu kilipopotea nikakutazama wewe kwanza. Dada yangu aliiba maharagwe. Mimi sijui niliyoyafanya mimi yanaitwaje.

Chumba chako kipo. Sijaweka mtu wala kitu.

Mwihaki


Majengo, Machakos
2 Februari 1998

Mwihaki,

Barua yako ilinikuta katika mfungo. Niliona nisiijibu na hasira mdomoni, nikaiweka. Sasa Idi imepita na hasira bado ipo, basi naijibu hivyo hivyo.

Nilipofika nyumbani na vitu vyangu mama aliniuliza kuna nini. Nikamwambia nyumba ya kituo inavuja. Ningemwambiaje kwamba nimeitwa mwizi na mtu aliyekuwa akila sahani moja nami? Nimeuishi uongo ule mpaka Ramadhani ikaingia, na bado nikawa nao. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko kibarua.

Bwana Ndeti alikuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa kahawa, akaomba radhi mbele ya baba na mama. Kazini nitarudi. Zile kuvu nimezilea mimi, na nikiziacha zitakufa, kisha mtapima kinga kwa kutumia nini? Mbegu zikifika kutoka Yatta niletee maabara kwa utaratibu, kila moja na karatasi yake. Nitazipima kama ninavyopima za mtu yeyote.

Nyumbani sitarudi. Kipangishe chumba.

Dada yako ameniandikia. Ukurasa mmoja, umefutwa futwa. Yaliyomo ni yangu na yeye.

Khadija Mohamed


Kwa Mbithi, Machakos
5 Oktoba 1998

Dada Wangui,

Najua nimekaa kimya tangu nilipokuja kuchukua mifuko mwezi wa Machi, na najua siku ile sikunywa hata chai yako. Nilikuwa sijui nikukalie vipi.

Nikueleze ilivyokwenda. Mbegu za mifuko yako tulizipanda hapa juu kwenye msimu wa masika, mbali na mto. Khadija alizinyunyizia kuvu zilizokusanywa Kangundo, halafu za Yatta, halafu za milima ya Mua, moja baada ya nyingine. Nyingi zilianguka, hata nyingine ulizofunga katani. Ziliponea Yatta kwa bahati tu. Lile shina la Syombua halikuanguka. Wala ndugu wengine wachache. Ni wekundu, wanaiva mapema kidogo kuliko nyayo, na wakichemshwa supu yao inakuwa nzito. Baba yao ni nani sijui na sitajua, kumbukumbu zangu za miaka sita haziwezi kunisaidia kwa hilo. Itabidi nianze kuwajua upya, kwa hiyo usiwaambie akina mama mwaka ujao. Waambie ukweli: bado, na zaidi ya nilivyokuambia mwanzoni.

Ndeti alitaka kuifunga kazi hii. Alibadilisha nia baada ya kuonja. Sasa ameruhusu tupande sehemu moja Yatta msimu huu, waziwazi, na watu wakiambiwa kwamba ni majaribio. Itakuwa kwa Syombua. Si kwako. Syombua mwenyewe alisema kwenye barua yake kwamba wewe utakuja kupalilia, akapiga mstari chini ya neno hilo.

Khadija atakuwa anakuja, kwanza kupanda, baadaye kusoma ugonjwa, kila mara siku mbili tatu. Kazini tunaongea sasa. Tunaongea mambo ya kazi, na wiki iliyopita alinicheka nilipomwaga maji kwenye viatu vyangu, nikashinda na furaha siku nzima kama mtoto.

Jana tukiosha vyombo vya maabara aliniuliza, "Matuu nitalala wapi?"

Nikamwambia kuna nyumba ya wageni sokoni, safi, na Syombua pia amesema ana chumba.

Akasema, "Nitalala kwa dada yako."

Nilimuuliza kama ana hakika. Alikuwa anasugua sahani ile ile muda wote. Akasema, "Nataka nimwone akinifungulia mlango."

Sijui ana maana gani, na nimekesha nikigeuza maneno hayo. Usichinje kuku mwenyewe, mwombe Abdulatif akuchinjie. Usimpikie mahamri ukijaribu kumfurahisha, hutayaweza. Usianze kueleza kabla hajauliza, na asipouliza, usieleze.

Atafika Jumamosi, mchana. Dada, usimtume Ciku. Mfungulie wewe.

Mwihaki